Aliyehesabiwa Zizini

Ng'ombe wa Mapoloko alikohoa ndani ya zizi, na Mapoloko, aliyesimama nje ya ukuta na karai mkononi, akashusha pumzi. Bado yu hai.

Barafu ilikuwa imeganda juu ya mawe ya ukuta. Mapoloko alijifunga blanketi la marehemu mumewe juu ya nguo nyeusi ya msiba, na miguuni alivaa viatu vya mpira vilivyopasuka vidoleni, theluji inaingia itakavyo. Hakuwa akiona kitu. Ukuta wa zizi la shemeji yake ulimzidi kimo, na mlangoni hakuwa na ruhusa ya kusogea. Mwanamke aliyeolewa haingii zizi la ukweni. Mjane ndiyo usiseme. Mguu wake, walisema, unaharibu mimba za ng'ombe. Kwa hiyo Mapoloko alimjua ng'ombe wake kwa masikio: kikohozi kikavu chenye mkoromo mwishoni, na namna alivyokwaruza pembe kwenye jiwe la kona akitaka kuamka.

“Khabele!” aliita.

Khabele, mchungaji wa shemeji yake, mtu mzima mwenye magaga na kofia ya sufu iliyotoboka, alichungulia juu ya ukuta.

“Khunoana ameamkaje?”

“Ameamka amelala, mama.”

“Amekula?”

“Ale nini? Mawe? Nyasi ziko chini ya theluji, na theluji haina haraka.”

“Na mimba?”

“Imo. Mimi si Mungu, lakini imo.” Kisha akarusha juu ya ukuta vipande vya samadi kavu, kuni za siku ile. “Shika moto wako, usije ukagandia hapo nikalaumiwa mimi.”

Mapoloko akaviokota kimoja kimoja, akavipanga kwenye karai, akapanda kilima kuelekea nyumbani kwake, ambako bintiye Poloko alikuwa akisubiri moto ili apike uji.

Khunoana alikuwa ng'ombe mwekundu kama udongo, na jina lake lilikuwa rangi yake. Kijiji kizima cha Ha Ramphielo kilijua alivyopatikana. Motlatsi, mumewe Mapoloko, alirudi kutoka migodini na mapafu yaliyojaa vumbi, akalala kitandani akikohoa hadi siku aliyokata roho. Muda wote huo Mapoloko alikuwa barabarani na wanawake wenzake, wakivunja mawe kwa nyundo ili magari yapate kupita milimani, na malipo yao ni magunia ya mahindi. Wenzake walikula mahindi yao. Mapoloko na mwanawe walikula nusu, nusu wakauza, mpaka wakanunua mtamba mmoja mwekundu, mwembamba, mwenye macho ya woga. Hapakuwa na zizi nyumbani kwa Mapoloko, maana zizi hujengwa na mwanamume, na mwanamume wake alikuwa hawezi kuinua hata kikombe. Wakamweka mtamba kwa Lebusa, kaka mkubwa wa Motlatsi. “Kwa muda tu,” alisema Lebusa, na akapokea shukrani.

Ule muda haukuisha. Motlatsi alizikwa, mtamba akawa ng'ombe, ng'ombe akashika mimba, na Mapoloko akaanza kupiga hesabu za kimyakimya jinsi maskini anavyopiga: ndama akizaliwa kutakuwa na maziwa; ndama akiwa dume, baada ya miaka michache atafungwa jembe la kukokotwa, kwa ushirika na fahali wa jirani, na shamba lake la bondeni, lililoota magugu tangu Motlatsi augue, litalimwa tena. Kila kitu kilikuwa ndani ya tumbo la Khunoana.

Wakati ule ndipo mkuu wa kijiji, ambaye wote humwita Morena, alipoita mkutano.

“Kuna mradi,” alisema Morena, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, blanketi la rangi ya zambarau mabegani. “Marobota ya nyasi yanakuja kwa ajili ya mifugo. Ya wanaume yatapitia kwangu kama kawaida. Ila safari hii wafadhili wanasema takwimu za miaka yote zimehesabu wanaume tu, kana kwamba wanawake wa nchi hii hawana hata kuku. Wanataka usawa. Kwa hiyo kuna fungu la wanawake wenye mifugo. Karani wa takwimu atapita nyumba kwa nyumba. Mwanamke atakayehesabiwa atapata nyasi zake mkononi mwake. Kijiji kisicho na mwanamke mwenye mfugo, fungu hilo linakwenda kwingine.”

Wanaume walicheka. Lebusa, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, alisimama akavua kofia.

“Morena, kumbe mimi nimeoa tajiri miaka yote hii, na sijui!”

“Tajiri gani,” alijibu Bibi Maseabata kutoka upande wa wanawake, “na mume analala mpaka jua limchome makalio?” Bibi huyu alikuwa akiuza pombe ya mtama chini ya bendera nyeupe, alama ya pombe iliyoiva, na kwa kuwa kila mwanamume pale alikuwa amewahi kulewa mlangoni mwake, hakuna aliyemjibu.

Wanawake waliziba midomo kwa pembe za mablanketi. Mapoloko alicheka pia. Moyo wake ulikuwa umekwishakimbia kwenda zizini.

Karani alikuwa binti wa kimjini aitwaye Lineo, mwenye buti mpya na mafua. Aliwasili kwa Lebusa asubuhi na kishikwambi kwenye mfuko wa nailoni, akakaribishwa kiti na chai. Lebusa alikaa kiti cha pili. Mkewe alisimama mlangoni. Mapoloko, aliyeitwa kutoka kwake, alikaa chini, miguu ameikunja pamoja, kichwa kimefunikwa, macho yakiangalia buti za mgeni.

Lineo aliuliza majina, umri, watoto, akigusa kioo kwa kidole. Kisha akasema, “Mama, wale ng'ombe walioko zizini ni wa nani?”

“Ni wa hapa, dada.”

“Hapa kwa nani?”

“Hapa nyumbani.”

“Kati yao yupo aliye wako? Wako wewe, uliyempata kwa jasho lako?”

Mapoloko alifungua mdomo. Neno lilikuwepo. Alikuwa akilitamka kila usiku kabla ya kulala, kama mtu anayesali. Lakini siku aliyoletwa kwenye ukoo ule, bado msichana, mama mkwe wake alimkalisha chini vilevile na kumwambia: kuanzia leo, ukiulizwa cha nani, sema cha hapa, mke anayesema changu mbele ya wakwe zake hajafunzwa kwao. Naye alitoka kwa watu waliofunza watoto. Tangu siku hiyo hakuwahi kusema sufuria yangu, wala shamba langu, mbele ya kaka wa mumewe. Hata mtoto alikuwa wa hapa.

“Shemeji, sema ukweli tu,” alisema Lebusa kwa upole, akikoroga chai yake. “Serikali imekuja kukusikiliza. Hapa hakuna anayekulazimisha.”

Kijiko kiligonga kikombe. Mapoloko alisikia masikio yakiwaka moto.

“Ni wa hapa,” alisema.

Lineo alishusha kishikwambi magotini. “Mama, mimi nami nina wakwe. Hiyo ‘wa hapa’ naijua, hata kwetu tunaisema. Lakini hiki chombo hakina sehemu ya adabu. Kina ‘mwanamume’, kina ‘mwanamke’, kina ‘kwa pamoja’. Nikuulize tena?”

“Ameshajibu, binti,” alisema Lebusa. “Mara mbili. Au unataka ajibu unavyotaka wewe?”

Lineo akapiga chafya, akafuta pua, akagusa kioo palipoandikwa ‘mwanamume’.

Si Mapoloko peke yake. Nyumba kwa nyumba, mlima hadi bonde, wanawake wa Ha Ramphielo walikaa chini wakakunja miguu na kusema ni wa hapa, ni wa ndani, ni wa baba watoto. Jioni waliulizana kwa Bibi Maseabata, wakaona haya. “Msinitazame,” alisema bibi. “Mimi mwenyewe, na meno haya yaliyobaki, nimesema mbuzi wangu ni wa mwanangu aliye mjini. Mwanangu hajawahi hata kuwaona hao mbuzi. Mdomo ulikwenda wenyewe!”

Marobota ya wanaume yalipofika, yaligawiwa mbele ya nyumba ya Morena. Lebusa alipata fungu kubwa kwa sababu zizi lake lilikuwa kubwa. Siku ya tatu Mapoloko alipokwenda ukutani hakusikia pembe ikikwaruza jiwe.

“Ameanguka,” alisema Khabele kutoka ndani. “Tumemnyanyua kwa mkia, mimi na majirani. Amesimama, lakini miguu inacheza.”

“Si kuna nyasi!”

Ndani, Khabele alisikika akikwangua samadi.

“Khabele, si zipo nyasi humo ndani? Nazinusa.”

“Zipo, mama. Nimeambiwa nimfunge Khunoana kona ya pili, mbali nazo.”

Mapoloko aliliacha karai palepale. Alimkuta Lebusa akila papa, ugali mgumu wa mahindi, na mboga ya moroho mlangoni pa jiko, akapiga magoti kwenye tope la theluji.

“Baba, naomba nyasi kidogo za Khunoana. Ana mimba.”

“Nakuhurumia, shemeji. Mwaka mbaya huu.” Lebusa alimega papa akaibonyeza kwenye mboga. “Lakini kila mtu alishe wa kwake.”

“Wa kwake? Juzi ulikaa ukakubali nikisema ni wa hapa.”

“Juzi tulikuwa na mgeni.”

Alisema hivyo bila hasira, na akaendelea kula. Mkewe alimwangalia Mapoloko mara moja, kisha akageuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

“Akihesabiwa ni wake, akishikwa na njaa ni wako,” alisema Bibi Maseabata aliposikia. “Aa! Hiyo hesabu sijafundishwa. Nenda kamtafute yule binti wa buti, wewe. Nenda leo. Mwambie tulikosea, wote tulikosea.”

Mapoloko aliteremka kwa miguu hadi makao ya wilaya, theluji ikimfika kwenye goti penye vivuli. Alimkuta Lineo kwenye chumba chenye jiko la mafuta ya taa, amezungukwa na waya za kuchajia. Alizungumza amesimama, haraka, akiogopa adabu isije ikamkamata tena.

“Ni wangu. Khunoana ni wangu. Nilivunja mawe nikamnunua. Andika.”

Lineo alinyanyuka akamshika mikono yote miwili. “Laiti ungelisema siku ile! Takwimu bado ziko wazi hadi mwisho wa wiki, naweza kusahihisha. Lakini mkubwa wangu ataka picha. Mnyama na mwenye mnyama.”

“Nitamwomba Khabele amtoe nje, anisogezee hapo barabarani.”

“Hapana, mama. Barabarani watu waliazimana ng'ombe. Kule ng'ambo ng'ombe mmoja amepigwa picha na familia saba. Sasa wametuamuru, picha ndani ya zizi anamolala.”

Mapoloko akaondoa mikono yake.

“Hujui unachoniambia.”

“Najua,” alisema Lineo. Sauti yake ilishuka. “Mama yangu hajawahi kuingia zizini mpaka leo. Nimewaambia wakubwa. Wakasema mila ndiyo hasa tuliyokuja kuibadilisha. Wamesema hivyo wakiwa ofisini.”

Njia nzima ya kurudi, Mapoloko aliubeba mguu wake kama kitu asichokifahamu. Je, ni kweli? Alikuwa ameyasikia tangu utotoni: mjane fulani alipita mlangoni pa zizi, ng'ombe wakatupa mimba mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemjua huyo mjane jina. Sehemu moja ya moyo wake ilisema ni upuuzi. Sehemu nyingine ilimwona ndama wake amelala kwenye barafu. Lakini bila nyasi ndama atakufa tu, na mama yake vilevile. Hapo hesabu haikuhitaji karani.

Siku ya Ijumaa Lineo alipanda na gari. Morena aliletwa na udaku, na wanaume wakaja nyuma yake, mikono ndani ya mablanketi. Lebusa alisimama pembeni mwa mlango wa zizi, magogo mawili yaliyolazwa kama ngazi.

“Shemeji,” alisema, “tuheshimiane. Bado una nguo ya msiba mwilini. Mguu huo ukivuka hapo, mimi sitasema tena. Ng'ombe watasema.”

Mapoloko hakumjibu. Angelijibu angelilia. Aliinua sketi nyeusi, akavuka gogo la kwanza, akavuka la pili, na kiatu chake kikazama kwenye samadi laini, yenye joto. Hakuwahi kujua kuwa mle ndani kuna joto namna ile. Nyuma yake mtu mmoja alisonya. Ng'ombe wa Lebusa walimpisha wakitafuna. Kona ya pili alisimama Khunoana, mbavu nje, amefungwa kamba fupi. Walikuwa hawajapata kuwa karibu tangu alipokuwa mtamba. Ng'ombe alinyoosha shingo akamnusa blanketi, akamnusa mkono, akaulamba.

“Mama, tazama huku,” alisema Lineo, machozi yakimlengalenga. Kishikwambi kikalia. “Hongera! Bonde zima hili wewe ndiye wa kwanza!”

Mapoloko alitoka, na kwa mara ya kwanza tangu amzike Motlatsi alijisikia ana urefu wake wote. Alimtazama Lebusa machoni. Jambo hilo nalo watu walikuja kulitaja.

Marobota ya wanawake yaliahidiwa kuja baada ya ripoti. Wiki ikapita, na nyingine. Khabele alimwibia Khunoana mikono miwili ya nyasi usiku alipoweza, na kidogo cha kuiba hakishibishi. Alfajiri moja Mapoloko alifika ukutani akasikia kikohozi, kisha akasikia Khabele akisema, “Usisogee, mama,” ingawa asingeweza kusogea kokote.

Ndama alikuwa dume. Khabele alimpitisha juu ya ukuta amefungwa kwenye gunia, mwepesi kama kuni. “Ni njaa,” alisema kwa kunong'ona. “Tazama, ngozi na mifupa. Mimi nimezalisha ng'ombe tangu utoto wangu. Ni njaa, mama, usijidanganye.”

Lakini wiki ileile ng'ombe mmoja wa Lebusa naye alitupa mimba, na huyo alikuwa ameshiba. Basi mabishano yakaisha: ni ule mguu.

Barazani, Morena alisikiliza akiwa amefumba macho. Lebusa alieleza mashtaka yake kwa huzuni, kama aliyefiwa. Kisha Khabele akaulizwa alichokiona. Alikuwa anakula kwa Lebusa, analala kwa Lebusa, na blanketi alilovaa ni la Lebusa. Aliangalia vidole vya miguu yake.

“Mama aliingia,” alisema. “Kisha mimba zikatoka.”

“Ni njaa!” Mapoloko alisema. “Khabele, uliniambia ni njaa!”

“Mimi ni mchungaji tu, Morena. Sijui mambo ya mimba.”

Bibi Maseabata alisimama nyuma. “Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua mwewe huchukua. Leo nimemwona mwewe aliyevaa blanketi.”

“Bibi, kaa chini, au utalipa faini nawe.” Morena alifumbua macho, akamgeukia Mapoloko, na hakuwa mkali. “Mwanangu, nisikilize vizuri, usije ukaenda kusema kule wilayani kwamba Ha Ramphielo tunapinga haki za wanawake. Hatupingi. Serikali imekuhesabu, umehesabiwa. Kuna mtu amekufuta hapa? Hayupo. Lakini zizi lina sheria zake, nazo zilikuwepo kabla ya takwimu. Umemtia hasara mwenye zizi. Utamlipa.”

“Nimlipe nini, Morena? Sina kitu.”

“Una ng'ombe,” alisema Morena. “Si umepigwa naye picha?”

Ndivyo Khunoana alivyohama kutoka kona ya pili kwenda kona ya kwanza, ya ng'ombe wa Lebusa, bila kutoka zizini.

Kulikuwa na jiwe moja juu ya kilima ambako simu hushika mtandao. Mapoloko aliazima simu ya Bibi Maseabata, akapanda, akamtafuta Lineo.

“Dada, nifute.”

“Nikufute nini, mama?”

“Kwenye hesabu. Ng'ombe si wangu tena. Wamemchukua kwa ajili ya ule mguu. Andika hana.”

Alisikia Lineo akivuta pumzi, kisha mlango ukifungwa, kisha sauti ikirudi chini zaidi. “Mama, pole. Pole sana. Takwimu zimefungwa. Ripoti imeshakwenda mji mkuu. Bonde lenu lilikuwa sifuri, sasa lina mmoja. Hapo ndipo walipopata kuandika kwamba hali inabadilika. Picha yako wameiweka mbele kabisa.”

“Picha yangu na ng'ombe wa Lebusa.”

“Nilimwambia mkubwa wangu. Anasema kilichotokea baada ya kuhesabu ni cha hesabu ijayo.”

“Ijayo lini?”

“Miaka mitano,” alisema. Kisha akaanza kulia, na Mapoloko akajikuta anambembeleza, “Nyamaza, dada, nyamaza, si kosa lako,” mpaka salio la bibi likaisha.

Lori la nyasi za wanawake lilipanda mwisho wa msimu wa baridi, theluji imeanza kuchuruzika. Lilikuwa na bango ubavuni. Mapoloko alijiona akiwa mkubwa kuliko alivyo, amesimama na Khunoana, samadi miguuni, na juu ya vichwa vyao maneno: WANAWAKE WANAMILIKI. Ofisa mmoja mwenye koti refu alihutubia. Alisema zamani waliamua mambo kwa kukisia, sasa wanaamua kwa takwimu, na takwimu hazidanganyi. Morena alipewa cheti kwa niaba ya kijiji. Alishukuru. Watu walipiga makofi.

“Ha Ramphielo, wanawake wamiliki wa mifugo,” alisoma ofisa. “Mmoja. Mama yupo?”

Kila mtu alijua ng'ombe amekwenda wapi. Mapoloko alipiga hatua moja mbele. “Mheshimiwa, yule ng'ombe hayuko kwangu…”

“Yuko kwa shemeji yake, anamtunzia,” alisema Lebusa, akitabasamu. “Mjane hana zizi, mheshimiwa.”

“Vizuri sana,” alisema ofisa. “Familia ishirikiane. Weka kidole hapa, mama. Lazima uchukue nyasi mwenyewe. Kwa mikono ya mwingine haziruhusiwi. Usipochukua, zinarudi na gari.”

Zikirudi na gari, Khunoana hatakula. Lebusa alikwishasema, mwaka huu hanunulii nyasi ng'ombe aliyeharibika. Mapoloko alitazama bango, akatazama lori, akaweka kidole.

Walimtwika robota la kwanza kichwani, naye akateremka nalo hadi zizini peke yake, maana wanawake wengine waliogopa kumsaidia na wanaume hawakuona ni kazi yao. Lebusa alimfuata, mikono nyuma.

“Pitisha juu ya ukuta, shemeji,” alisema alipoona anaelekea mlangoni. “Tusirudie yaleyale.”

Alilipandisha robota kwa kichwa, kwa mabega, kwa viganja. Lilikwama juu ya mawe. Akasukuma, likaanguka upande wa pili kwa kishindo. Akarudi lorini kuchukua jingine, akalipitisha nalo, na jingine, mpaka fungu lake lote likawa ndani.

Kisha akasimama akaegemeza sikio ukutani. Walikuwa wakila. Midomo mingi, kwa pupa, wakisukumana. Alisikiliza ile pembe kwenye jiwe la kona. Alisubiri kikohozi. Walitafuna, walitafuna, na hakuweza kujua ni nani anayekula.

“Khabele,” aliita. “Anapata?”

Vipande vya samadi kavu vikaruka juu ya ukuta, vikamwangukia miguuni, kuni za siku ile. Mapoloko aliinama akaanza kuviokota.